Saa Tuliyoikosea

Msichana aliyesimama mlangoni mwa atelie yangu ya kushona mwezi uliopita hakuwa na kitambaa mkononi. Watu wanaokuja kwangu huja na kitambaa, au na nguo iliyopasuka ndani ya mfuko, au angalau na picha ya gauni waliloliona kwenye harusi ya mtu. Huyu alikuja mikono mitupu, akasimama akisikiliza. Nilikuwa naunga mkono wa blauzi. Mashine yangu ni ya kukanyaga, ya zamani, na kanyagio lake hulia kila linaposhuka. Mafuta nimetia, fundi nimeita, linalia tu. Nilipoacha kukanyaga ili nimuulize anataka nini, akasema, "Endelea kidogo, yaya," akiniita dada kwa Kiswahili cha huku. Nikaendelea. Akainamisha kichwa, kisha akasema, "Njo hii mashine. Mama alisema inalia sawa na bata." Akanitajia jina la mama yake, jina ambalo sikulijua. Akaniambia kwamba walikuwa watu wa Iga Barrière, kaskazini mwa mji, kwamba wakati wa vita walikimbilia ng'ambo ya ziwa, na kwamba mama yake aliugua huko akafa, wakamzika huko huko. Bado sikujua anaongea juu ya nani. "Mu simu mulikuwa munamuita Kinu," akasema. Hapo nikajua. Nilimaliza kuunga ule mkono, nikakata uzi, nikamvutia kiti. Sikulia. Watu wa rika langu katika mji huu wa Bunia tulijifunza kuweka kilio kando hadi siku ya nafasi, na siku ya nafasi haiji mara nyingi.

Kinu nilikuwa naye mwaka mmoja na sikuwahi kumwona. Ulikuwa mwaka ambao Grâce, mdogo wetu wa mwisho, alikuwa akijitayarisha kutuacha. Wazazi wetu walikwisha kufa zamani, na habari hiyo sitaisimulia hapa. Inatosha kusema kwamba mimi ndiye mkubwa, kwamba niliacha shule nikiwa mwaka wa tatu wa sekondari, na kwamba tangu hapo nyumba yetu ya mtaa wa Nyakasanza ilikaa juu ya mashine hii. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha mbele kilikuwa atelie mchana na chumba cha kulia jioni: tulisogeza vipande vya kitambaa, tukaweka sinia la bugali juu ya meza ya kukatia, na mara nyingi mtu alikuta uzi ndani ya mboga. Nyuma tulilala mimi na Grâce. Kaka yetu Justin, ambaye alikuwa ameanza kuendesha taksi-moto, alilala mbele pamoja na pikipiki yake, na chumba kilinuka petroli na pamba mpya. Harufu hizo mbili zikikutana mahali popote hata leo, nasikia njaa.

Grâce alikuwa amepata diploma yake ya sekondari, na masista wa Butembo walikuwa wamekubali kumfundisha uuguzi. Angeondoka kiangazi kikiisha. Jioni moja, tukiwa juu ya sinia, aliniuliza bila kuinua macho, "Yaya, Mama alikuwa naongea namna gani?" Mama alikufa Grâce akiwa bado mgongoni. Justin akasema, "Alikuwa naongea sawa na mama yote. Kula." Grâce akasema, "Sikuuliza weye, weye ulikuwa unalamba kamasi." Wakacheka wote wawili. Mimi nilifungua kinywa nijibu, nikakuta hakuna kitu. Nilijua kwamba Mama alikuwa na sauti. Nilijua alikuwa na sura. Lakini nilipoenda kuvitafuta, nilikuta mahali pake pamefagiliwa, kama uwanja asubuhi. Sikuogopa wala sikuhuzunika. Nilitafuna tu. "Basi uniandikie vile alikuwa," Grâce akasema. "Kidogo kidogo. Mbele niende." Nikamjibu sawa, kwa sauti ile ile ambayo ningemjibu mteja anayetaka kupunguziwa kiuno. Lakini usiku huo nilielewa hesabu yake. Katika nyumba ile ni mimi peke yangu niliyekuwa na umri wa kumkumbuka Mama. Kama nisingemtoa mimi, Grâce angeenda Butembo bila mama, na hata mimi ningebaki bila yeye.

Nilijaribu kuandika kwenye simu, mchana, kati ya mteja na mteja. Niliandika "Mama yetu alikuwa" na kuishia hapo. Siku nyingi simu yangu ilikuwa na maneno hayo tu. Mteja mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, aliniona nikiikodolea macho, akaniambia kuna watu wanaoandika pamoja kwenye WhatsApp, asubuhi, kila mtu kwake. Akaniingiza. Mwenye kundi alikuwa mtu wa Bukavu aliyehamia Kinshasa, na tulimwita Sekretere kwa sababu alipenda kanuni. Kanuni zake hazikuwa mbaya. Ukifika, unaandika "Niko," kisha unatuma sauti ya mahali ulipo, bila kusema neno, kuonyesha kwamba umekaa kweli. Kisha watu wote wananyamaza, wanaandika. Mwishoni kila mtu anatuma sentensi moja tu ya kazi yake ya siku hiyo. Na hakuna kumuuliza mwenzako anatoka wapi wala ni mtu wa nani. Majina yalitoka kwenye zile sauti. Kulikuwa na Treni, kulikuwa na Jenereta, kulikuwa na mmoja aliyeitwa Kuku wa Jirani. Mimi nilikanyaga mashine mara chache mbele ya simu, nikawa Mashine.

Justin hakuweza kulimeza jambo hili. "Ngoja nisikie muzuri," alisema, akiwa ameshika kikombe cha chai mlangoni. "Watu wananunua mega ya simu juu ya kunyamaza pamoja?" Nikamwambia ndivyo. "Mu kanisa tunanyamaza bure." Grâce akamwambia, "Weye mu kanisa unalala, haunyamaze." Akapanda pikipiki yake akicheka, na nikamsikia akimweleza jirani ng'ambo ya uzio kwamba dada yake ameolewa na téléphone.

Sekretere alikuwa ameandika kwamba tunaanza saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na mbili niliketi kwenye mashine, mlango ukiwa wazi kidogo ili mwanga uingie, nikaandika "Niko." Akajibu mtu mmoja tu. Sauti yake ilikuwa ya mchi unaopiga kinu, taratibu, mapigo mepesi, na jogoo nyuma. Wengine hawakuonekana. Kesho yake vile vile, mimi na huyo wa kinu. Tuliandika, tukatumiana sentensi zetu, na tulipokuwa tunaondoka ndipo Treni na Jenereta walianza kufika. Tulidhani ni wavivu. Ilipita muda ndipo Sekretere alipouliza kwa nini wamama wawili wanaingia kabla ya watu kuamka. Nikamjibu kwamba saa kumi na mbili ni saa kumi na mbili. Akajibu kwamba ni ya Kinshasa, na kwamba kwetu mashariki wakati huo inakuwa saa moja. Hakuwa amefikiria kuandika hivyo, kwa sababu watu wa Kinshasa wanajua kwamba nchi ina saa mbili lakini wanaikumbuka ile yao. Kundi zima lilicheka. Kisha Kinu akaniandikia pembeni, peke yangu: "Weye utabadilisha?" Nikamjibu kwamba saa moja nafungua atelie. "Mimi saa moja naenda soko," akaandika. "Basi tukosee tu." Tangu siku hiyo tulikosea saa kila asubuhi, mwaka mzima, na tulipoondoka tuliwaachia wengine viti vikiwa vya moto.

Sijui niseme nini juu ya asubuhi zile ili mtu azielewe. Hakuna kilichotokea. Nilikuwa mtu aliyekauka. Niliamka, nilishona, nilipika, nilifunga milango, na katika kifua changu palikuwa kimya kama ghala. Lakini kunyamaza peke yako na kunyamaza ukijua mtu fulani ananyamaza nawe si kitu kimoja. Wakati fulani nilimaliza saa nzima bila neno hata moja, na niliona kwamba "Kinu anaandika", nikakaa. Sikukaa kwa bidii. Nilikaa kwa aibu ya kumwacha, kama vile mtu anavyobaki mezani mpaka mgeni amalize kula.

Yeye alikuwa anaandika njia. Aliniambia mwenyewe, maana kanuni zilikataza kuuliza, hazikukataza kusema. Ilikuwa njia ya kutoka mlangoni kwake mpaka shamba la baba yake, ambako hakuweza kwenda tena, kwa sababu zile za vita ambazo kila mtu wa mashariki alizijua. "Nafsi inaenda, miguu inabakia," aliandika. Na kwa makusudi alienda polepole, ili asifike haraka. Sentensi zake zilikuwa fupi nami nilizishika kichwani kama ninavyoshika vipimo vya wateja, bila kutaka. "Leo nimepita mikaratusi iliyokatwa." "Leo nimekaa juu ya jiwe ambalo Baba alinolea panga." "Leo nimekutana na mama wa jirani, akanisalimia kwa kunitukana, nami nikamtukana, tukafurahi." Siku nyingine hakupiga hata hatua moja, aliandika juu ya tope tu. Kulipokuwa na mvua kwake, alisema, hata njia ya kwenye simu iliteleza.

Kwamba alikuwa karibu nilijua kwa helikopta. Asubuhi moja ilipaa kutoka uwanja wa ndege, ikapita juu ya bati letu wakati natuma sauti yangu. Sikufuta. Muda mfupi baadaye ikaja sauti ya Kinu, mchi na jogoo, na juu yao helikopta ile ile, ikija kutoka mbali. Nilisikiliza mara mbili. Nadhani naye alisikiliza mara mbili. Mwishoni akaandika, "Ile imetoka kwako." Nikaandika, "Sasa iko kwako." Hatukuenda zaidi ya hapo. Kumbe wakati wote nilikuwa nikimweka Bukavu, au Kisangani, au mahali pengine pa mbali ambako watu wana nafasi ya kuandika njia. Kati yetu palikuwa na safari ambayo Justin angeifanya kwa pikipiki na kurudi kabla chai haijapoa, kama ingekuwa njia ya kupita. Siku nyingi haikuwa. Na siku hizo, huku kwetu, kumuuliza mtu yuko upande gani kulikuwa kumuuliza mambo mengine, ya kabila na bunduki. Hakuniuliza, sikumuuliza.

Ni kwake nilikosema kwamba Mama haji. Niliandika hivyo, "Mama haji," na nikaeleza kidogo juu ya Grâce na Butembo. Kisha akaandika, "Kama sura haikuye mu kichwa, acha sura. Andika sufuria." Nilidhani ananitania. Lakini kesho yake niliandika juu ya sufuria, kwa sababu sufuria niliikumbuka vizuri: nyeusi, imepinda upande mmoja, na mpini wa waya ambao Baba aliufunga. Nikaandika juu ya mkono ulioitoa motoni kwa kipande cha kitenge. Nikaandika juu ya sombe ya majani ya mihogo iliyokuwa ndani. Na hapo, nikiwa sijisikii chochote, nikakumbuka chumvi. Mama alitia chumvi kama mtu anayelisha ng'ombe. Baba alikula, hakusema neno, kisha alisimama akaenda kwenye mtungi akanywa maji, akarudi akala tena, na Mama alimtazama akasema, "Huyu bwana anapenda maji sana." Nilisikia aliposema. Sikusikia sauti, nilisikia namna: polepole, akivuta neno la mwisho, kama mtu asiye na habari. Niliandika hivyo na nikaituma iwe sentensi yangu ya siku. Kinu akajibu kwa kicheko kilichoandikwa, "Mama yako alikuwa mwongo muzuri." Nilisoma jibu lake mara nyingi. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu mtu mwingine anitajie mama yangu kama mtu aliyeishi.

Baada ya hapo Mama alikuja kwa vipande: kisigino, namna ya kufunga kilemba, wimbo wa kubembelezea ambao aliukosea maneno. Kiangazi kilikuwa kimeanza, na Grâce alikuwa ameshanunua ndoo na godoro dogo la kwenda nalo. Asubuhi moja Kinu aliandika, "Leo nimefika mtoni. Nitavuka kesho." Kesho yake nilituma "Niko" na sauti ya mashine. Kinu hakuja. Siku iliyofuata pia hakuja. Siku ya tatu watu walianza kuingia mjini kwa barabara ya kaskazini, magodoro kichwani, mbuzi wakiburuzwa, na Justin alirudi mchana na kusema watu wa taksi-moto hawaendi tena upande wa Iga, hata kwa bei gani. Aliponiona nimeshika simu hakutania. Kesho yake alfajiri, nilipoketi kwenye mashine, alikokota kiti akakiweka mlangoni, akaketi akinipa mgongo, akanywa chai yake kimya mpaka nilipomaliza. Alifanya hivyo asubuhi nyingi. Hakuna aliyemwomba.

Nilituma "Niko" kila siku katika ile saa tuliyoikosea, na saa ya kweli ilipofika nilifungua atelie. Sekretere aliniandikia kwa upole kwamba ninaweza kuhamia kwa wengine, wananingoja. Nilimshukuru. Sikuhama. Mtu akiniuliza leo nilikuwa na tumaini gani, sitajua kumjibu, maana sikumbuki tumaini. Nakumbuka kanyagio, na mgongo wa Justin, na mwanga ukija chini ya mlango. Niliandika kwa sababu mtu fulani alikuwa amesema atavuka kesho, na nilitaka akivuka anikute.

Nilimaliza kuandika juu ya Mama juma ambalo Grâce aliondoka. Nilimtumia yote kwenye simu yake, naye akasoma jioni ile ya mwisho juu ya sinia, akila kwa mkono mmoja. Nilimtazama. Nilifikiri atalia, au atanishika mkono. Alisoma hadi mwisho, akalamba vidole. "Sasa alikuwa natia chumvi mingi hivyo?" akauliza. Nikamwambia ndiyo. "Na Baba hakusema?" Hakusema. Akavuta kopo la chumvi, akanyunyizia sombe yetu, akaonja. Justin akaonja, akasimama akaenda kunywa maji. Hivyo tu. Alfajiri Grâce alipanda basi la Butembo na godoro lake, na mimi nikarudi kukata sare za watoto wa shule. Miaka ilipita, kundi likafa kama makundi yanavyokufa, Sekretere akawa baba wa mapacha, Treni akanyamaza. Siku moja Grâce, ambaye sasa ana mtoto wake, alinipigia simu kuniuliza habari za kitambaa, na katikati ya maongezi akasema, "Huyu mutoto anapenda chumvi mingi, sawa na Mama." Alisema kama mtu anayekumbuka. Sikumsahihisha. Niliendelea kumwambia habari za kitambaa.

Yote haya nilikuwa nayo kichwani mwezi uliopita, wakati msichana yule ameketi kwenye kiti cha wateja. Anaitwa Dorcas. Aliniambia kwamba simu ya mama yake ilipotea siku ya kukimbia, na namba zote pamoja nayo, na kwamba kabla ya kufa alimwambia, ukifika Bunia siku moja, tafuta mashine inayolia sawa na bata, ujue ni mtu wangu. Alikuwa amesimama kwenye milango ya mafundi wengi, na wengine walimfukuza wakidhani ni mwizi.

"Nilikuwa nataka kukuuliza kitu," akasema. "Kila asubuhi Mama alikuwa nanikataza kuongea. 'Nyamaza, niko na watu.' Nilikuwa naangalia mu nyumba yote. Sikuona watu. Nilifikiri iko naongea na wale walikufa." Akanitazama. "Ni weye ulikuwa watu?"

"Ni mimi," nikasema.

Akafikiri juu ya hilo. "Weye peke?"

"Wengine walikuwa wanachelewa."

Nikamwambia kwamba mama yake nilimjua kwa sauti ya kinu tu, na kwamba hata jina nilimpa kwa sababu hiyo, maana alitwanga vizuri, taratibu, kama saa ya ukutani. Dorcas akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Mama alikuwa naandika. Atatwanga na mukono gani? Ni mimi nilikuwa natwanga. Alinipatia mihogo juu ninyamaze." Mapigo mepesi yale, mwaka mzima, yalikuwa ya mtoto. Niliuliza kama ana njaa, akasema hapana.

Basi nilimpa nilichokuwa nacho. Nilimsomea toka kichwani njia ya mama yake, kutoka mlangoni: mikaratusi iliyokatwa, jiwe la kunolea panga, mama wa jirani na matusi yake, tope. Alisikiliza huku anatikisa kichwa, na mahali pamoja alinisahihisha, akasema jiwe linakuja kabla ya mikaratusi. Nilipofika mtoni nikaacha. Akangoja.

"Kisha?"

"Aliishia hapo. Alisema atavuka kesho."

Dorcas alitazama kanyagio la mashine. "Kisha ya mutoni kuko migomba," akasema. "Napajua. Nilikuwa napita mu mugongo ya Mama." Kisha akaniomba ruhusa ya kwenda, kwa kuwa kulikuwa na watu waliomngoja sokoni. Nikamwambia arudi kesho asubuhi, saa kumi na mbili. Alikuja. Nilikanyaga mashine mara chache ili ilie, nikaacha, nikafungua simu, naye akaanza kunivusha mto, polepole, akitafuta maneno, nami nikiandika. Wakati huo Justin, ambaye sasa ana mvi chache na bado hupita kila asubuhi kunywa chai yangu, alizima pikipiki nje akaita kupitia mlango.

"Yaya, uko peke yako?"

"Nyamaza," nikamwambia. "Niko na watu."